Kurudi kwenye maiki ukiwa mtu mzima: mwongozo kwa wachanaji na waghani wa Mtwara na Lindi

Kuna watu wengi Mtwara na Lindi waliowahi kuchana mistari ya hip hop. Leo mmoja ni mwalimu Nachingwea, mwingine yuko bandarini, mwingine ana duka la vipuri Masasi, mwingine ana watoto watatu na kilemba cha upatu cha kufuatilia. Walianza wakati wa kanda za Mr. II na Hard Blasters, enzi ambazo safari ya kwenda studio Dar ilikuwa adhabu. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko, na mvua ikinyesha basi lilikwama hadi abiria wakafahamiana kwa majina. Vipaji vingi vya Kusini viliishia kwenye daftari kwa sababu ya barabara tu.

Sasa barabara ipo, studio ipo mtaa wa pili, simu yenyewe ni studio. Swali ni namna ya kurudi bila kuonekana mzee anayelazimisha ujana. Jibu langu nitalirudia humu kwa sura tofauti: punguza mwendo. Ukirudi kushindana kwa kasi na vijana waliolelewa na singeli, utashindwa na utaumwa kifua. Ukirudi na mizani, pumzi na mambo uliyoyaona kwa macho yako, hao vijana ndio watakuja kukaa karibu yako.

Na umri si kizuizi. Hip hop yenyewe ilianza Bronx, New York, Agosti 11, 1973, kwa hiyo nayo ni mtu mzima mwenye wajukuu. Nas alipata Grammy yake ya kwanza mwaka 2021 akiwa na miaka 47. Killer Mike alibeba tatu kwa usiku mmoja mwaka 2024 akiwa na 48. Gil Scott-Heron, ambaye wengi humhesabu kati ya wazee waliotangulia kuchana, alirudi na albamu mwaka 2010 akiwa na miaka 60, baada ya kimya cha miaka mingi. Hapa kwetu Sugu, yule yule Mr. II, na Professor Jay wa Hard Blasters walipita hadi bungeni, na hakuna aliyewaambia wafute mistari yao.

Anza na daftari la zamani

Litafute. Liko chini ya kabati kwa mama, au kwenye begi la vyeti. Likikosekana, kaa na mtu mliyekuwa mkichana naye, mkumbushane. Atakumbuka mistari yako kuliko wewe.

Soma kurasa zote kwa sauti, siku moja, bila kufuta chochote. Kisha chukua kalamu ya rangi nyingine na uugawe ubeti baada ya ubeti. Upo ambao bado unaweza kuusema mbele ya mwanao mkubwa na usione aibu: weka alama, huo ni mtaji. Upo wenye wazo zuri lakini maneno yake ni ya mtu wa miaka 19: utaandikwa upya. Uliobaki ni majigambo na matusi kwa watu ambao leo mnasalimiana msikitini au kanisani. Uache ulale humo humo daftarini.

Kuandika upya kuna njia yake. Chukua jigambo moja, mfano "mimi ndo mfalme wa Chikongola, wapinzani nawachoma." Jiulize: mfalme huyu leo anakaa wapi, anakula nini, anadaiwa na nani? Utapata kitu kama "Chikongola nina nyumba, dirisha bado turubai." Mtaa ni ule ule na sauti ni ile ile, ila sasa kuna dirisha ambalo msikilizaji analiona. Mtu mzima ana vitu vya kutaja, ana majina, ana bei, ana tarehe. Kijana ana misuli tu, na si kosa lake.

Orodhesha pia mambo ambayo wewe unayajua na mwenye miaka 20 hayajui. Kusini hayakosekani. Ulikuwa wapi mwaka 2013 mji wa Mtwara ulipowaka kwa ajili ya bomba la gesi? Ulikuwa na gunia ngapi msimu wa 2018, Serikali ilipoingia kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaonekana maghalani? Umewahi kuuza kwa kangomba, wale wanunuzi wa nje ya mfumo rasmi, kwa sababu mtoto alitakiwa shuleni kesho yake? Umemuuguza mzazi? Umeachwa? Hayo ndiyo mashairi. Chagua matatu tu ya kuanzia.

Pumzi na koo kabla ya studio

Watu huruka hatua hii, na ndiyo inayowaumbua. Ukiwa na miaka 20 unaweza kuchana dakika nne umetoka kucheza mpira. Ukiwa na 45, na tumbo kidogo, pumzi inaisha katikati ya sentensi na unaimeza herufi ya mwisho, mahali penyewe kina kinapokaa.

Zoezi ni rahisi na halihitaji mwalimu. Asubuhi, kabla ya chai, simama wima, weka kiganja juu ya kitovu. Vuta hewa kwa pua hadi kiganja kisukumwe nje, mabega yasipande. Itoe kwa sauti ya "sss" nyembamba, iliyo sawa mwanzo hadi mwisho. Hesabu kimoyomoyo umefika ngapi. Rudia mara tano. Baada ya wiki chache "sss" itakuwa ndefu na haitatetemeka mwishoni. Hapo hamia kwenye maneno: soma beti mbili za shairi lolote kwa pumzi moja kila mstari, ukitembea. Ufuo wa Shangani ni mzuri kwa hili, upepo unakulazimisha kutoa sauti. Wa Lindi mna ufuo wenu pia, msilalamike.

Koo nalo lina masharti. Maji kidogo kidogo mchana kutwa, si chupa nzima dakika moja kabla ya kurekodi. Kama una kiungulia cha usiku, usile ukalale hapo hapo, kwa sababu asidi inayopanda huunguza nyuzi za sauti na asubuhi unaamka na sauti ya kukwaruza. Sigara unajua mwenyewe. Uraka, ile pombe ya mabibo, subiri hadi shoo iishe. Sauti ikikauka usinong'one ukidhani unaipumzisha. Kunong'ona nako huikaza. Nyamaza kabisa. Na sauti ikiwa na mkwaruzo zaidi ya wiki tatu bila mafua, hiyo si ya tangawizi tena, nenda hospitali ya Ligula au ya Mitengo wakutazame koo. Ukifika huko pima na presha.

Mizani: mali tuliyorithi

Hapa nitakaa, maana ndipo mtu mzima wa Kiswahili anapowapita wengine. Wengi wetu tuliimba ngonjera shuleni, zile alizozieneza Mathias Mnyampala, na tulikariri mashairi ya Shaaban Robert kwa fimbo. Tulidhani ni adhabu ya somo. Kumbe tulikuwa tunafundishwa kuchana.

Angalia hesabu. Biti ya hip hop huenda kwa mzunguko wa mapigo manne. Pigo la pili na la nne ndilo lenye ile ngoma kavu, sneya, inayolia pa! Kila pigo unaweza kuligawa vipande vinne vidogo, kwa hiyo mzunguko mzima una nafasi 16. Sasa, mstari wa shairi letu la kimapokeo una mizani ngapi? Kumi na sita, nane kwa nane, na kina katikati na kina mwishoni. Utenzi una mizani 8. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini imetokea, na ni ujinga kuiacha.

Chukua mistari hii mitatu niliyoitunga kwa ajili ya somo:

Korosho nimepeleka, mzani umenikata,
Ghalani nimeziweka, malipo sijayapata,
Dukani wananicheka, deni limenifuata.

Hesabu kwa vidole: ko-ro-sho-ni-me-pe-le-ka, nane. M-za-ni-u-me-ni-ka-ta, nane. Ile "m" ya mzani inahesabiwa peke yake, usiiibe.

Sasa iweke juu ya biti ya mapigo 90 kwa dakika, mwendo wa kawaida wa hip hop ya zamani. Mzunguko mmoja unachukua kama sekunde 2.7. Una njia mbili.

Ya kwanza ni ya polepole: kipande kimoja cha mizani 8 kwa kila mzunguko, mizani mbili kwa kila pigo. Ko-ro, sho-ni, me-pe, le-ka. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, yaani "le" katika "nimepeleka." Na "le" imeangukia wapi? Pigo la nne, juu ya sneya kabisa. Haikuhitaji ujanja wowote. Unasema mizani tatu kwa sekunde, mwendo wa mtu anayezungumza kwa uzito, kila neno linasikika hadi kwa bibi aliyekaa nyuma. Hii ndiyo njia ninayomwambia kila anayerudi aanze nayo. Beti mbili za shairi, mistari minane, zinakupa mizunguko 16, sawa na sekunde 43. Hiyo ni vesi kamili.

Ya pili ni ya haraka: mstari mzima wa mizani 16 ndani ya mzunguko mmoja, silabi moja kwa kila nafasi. Hapa ukianza sawasawa na pigo la kwanza, "le" inaangukia katikati ya pigo la pili na "ka" ya "umenikata" katikati ya pigo la nne. Zote zimeikosa sneya, na utasikika kama unakimbiza daladala. Dawa yake: ingia nusu pigo kabla. "Ko-ro" ziseme mwishoni mwa mzunguko uliopita, "sho" ndiyo ikutane na pigo la kwanza. Kwa kufanya hivyo "le" inapigana na sneya ya kwanza na "ka" inapigana na ya pili. Vina vyote viwili, cha kati na cha mwisho, vimegongwa. Jaribu ukigonga meza kwa kiganja, utaisikia kabla hujaielewa.

Lakini mizani sita kwa sekunde haiachi nafasi ya kuvuta hewa. Itumie mistari miwili, mitatu, kama pilipili, kisha urudi kwenye mwendo wa kwanza.

Hata kwenye njia ya polepole pumzi lazima upange. Kila baada ya vipande vitatu, kata kipande cha nne kiwe na mizani 6, na uingie kwenye pigo la pili badala ya la kwanza. Pigo moja la kimya linakupa kama theluthi mbili za sekunde, zinatosha kujaza kifua, na silabi ya mkazo bado inatua kwenye pigo la nne. Mshairi mkongwe atakuambia hilo ni guni, shairi lililovunja kanuni. Mwambie shikamoo na uendelee.

Kuhusu vina: karibu kila neno la Kiswahili linaishia na irabu, kwa hiyo kina cha silabi moja ni cha bei rahisi mno kwenye hip hop. Anza kina kwenye irabu ya silabi inayokazwa. Peleka, weka, cheka vinashika kwa -eka. Kata, pata, fuata kwa -ata. Hata hivyo utaona vyote ni vitenzi, na mtiririko wa vitenzi vitupu huchosha sikio. Tia nomino katikati. Kwenye -eka una mkeka, na msikilizaji wa leo akisikia mkeka anaweza kuwaza wa kulalia au ule wa kubeti uliochanika Jumamosi. Mwachie achague.

Na usijione mgeni kwenye jambo hili. Abdul Karim bin Jamaliddini aliishi Lindi, na alitunga utenzi mrefu kuhusu Vita vya Majimaji, mambo ya nchi hii hii. Habari nzito za Kusini zimewahi kubebwa na mizani kabla ya maiki kufika.

Kimakonde, Kimwera, Kiyao, na ngoma zisizo zako

Neno moja la lugha ya nyumbani kwenye ubeti linatosha. Likizidi linakuwa pambo la kuwafurahisha watu wa Dar. Liweke mahali ambapo Kiswahili kimeshindwa kabisa, na kabla hujarekodi mpigie shangazi akusikilize unavyolitamka.

Midundo ya sindimba na malivata ni mali nzuri kwa biti, na prodyuza mwenye sikio anaweza kuiweka chini ya kiki, ile ngoma nzito ya biti, bila kuiharibu. Walipe wapigaji, si soda na chipsi, na waandike majina yao kwenye maelezo ya wimbo. Nyimbo za jando na unyago ni jambo jingine. Zile za ndani haziendi YouTube, hata kama ulizisikia ukiwa mtoto kupitia ukuta wa makuti. Kama una shaka wimbo fulani ni wa ndani au wa nje, makungwi wapo, nyakanga yupo, nenda kawaulize. Wakisema hapana, ni hapana.

Bila biti: kughani

Wengine mnarudi bila haja ya mdundo. Huku mlango umefunguliwa zaidi na Mrisho Mpoto, mtu wa Songea, anayepanda jukwaani peku na kuzungumza kama yuko barazani. Usimwige. Ukivua viatu watu watacheka.

Kanuni moja ya kuazima kutoka mashindano ya mashairi ya jukwaani, yaliyoanzia Chicago miaka ya 1980, ni kikomo cha dakika tatu. Ijaribu. Kwa mwendo wa utulivu ni kama mistari 60 ya utenzi, na hiyo ni mingi kuliko unavyodhani. Ukizidi hapo kwenye sherehe ya Kitanzania, mshereheshaji ataanza kukukaribia na maiki yake mkononi, na chakula kimeshanukia.

Acha kabisa sauti ile ya ngonjera ya mgeni rasmi, mkono mmoja juu, mmoja kifuani. Anza chini, kwa sauti unayoombea chumvi. Tafuta mahali pawili tu pa kunyamaza, na unaponyamaza usijaze kwa "eeh" wala "yaani." Mstari mzito kuliko yote useme polepole na kwa sauti ndogo, mtu akipaza sauti kwenye jambo zito, wasikilizaji huanza kumwangalia yeye badala ya kulisikia jambo.

Kukariri ukiwa na akili yenye madeni ni kazi. Anza na ubeti wa mwisho. Ukishaushika, ongeza wa kabla yake, kisha wa kabla yake tena, kila mara ukimalizia na ule unaoujua. Hivyo jukwaani unatoka kwenye usichokijua vizuri kwenda kwenye unachokijua zaidi, na hofu inapungua kadiri unavyoendelea. Kariri kabla ya kulala, pima asubuhi ukifua au ukipalilia. Simu usipande nayo. Kusoma kwenye simu jukwaani, uso ukiwa umemulikwa kwa chini, kunaua shairi zuri lolote.

Kurekodi

Rekodi ya kwanza ifanye mwenyewe, ya majaribio, kwa simu. Weka programu kama BandLab, haina malipo. Zima feni. Washa hali ya ndegeni ili mtu wa kikoba asikupigie katikati ya vesi. Tundika blanketi mbili nyuma yako na moja mbele, au kaa mbele ya kabati la nguo lililo wazi. Kinachokera kwenye rekodi za nyumbani ni mwangwi wa kuta tupu na bati, maiki ya simu si mbaya kiasi hicho. Simu iwe umbali wa shubiri moja na kidogo, pembeni ya mdomo, isiwe mbele yake, ili "p" na "b" zisipulize. Angalia kipimo cha sauti kisiguse nyekundu. Hifadhi kwa WAV, MP3 utaitengeneza baadaye.

Chagua saa. Baada ya Isha mitaa ya Majengo inatulia kidogo, baada ya usiku wa manane ndiyo kimya cha kweli. Na kama una paa la bati, maliza kurekodi kabla ya Novemba au Desemba, mvua ikishaanza itakuwa ndiyo prodyuza wako hadi Aprili.

Sikiliza siku tatu. Kisha ndipo uende studio ukiwa unajua unachotaka. Ukifika, prodyuza anaweza kuwa na umri wa mwanao. Ataanza na shikamoo, na shikamoo hiyo itamfunga mdomo: atakuambia "poa mzee" hata ukiwa umechana ovyo. Mtoe aibu mapema. Mwambie, "Mdogo wangu, hapa wewe ndiye fundi. Mstari mbovu niambie nirudie." Mlipe kwa wakati, usimwombe bei ya kindugu, na usimfundishe jinsi biti zilivyokuwa nzuri mwaka 2001.

Biti yenyewe iandikiwe makubaliano. Karatasi moja inatosha: nani katunga maneno, nani katengeneza mdundo, biti umeinunua iwe yako au umekodi, mapato mtagawana vipi, sahihi mbili na shahidi. Wanaoelewana ndio hasa wanaotakiwa kuandikiana, kwa sababu ugomvi huanza wimbo ukishapendwa.

Karatasi za Serikali

Muone Afisa Utamaduni wa halmashauri yako. Yeye ndiye atakayekuelekeza usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na siku hizi sehemu kubwa inafanyika mtandaoni. Kwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, elewa jambo moja: haki yako kwenye shairi inazaliwa pale unapoliandika au kulirekodi, na kwa sheria ya mwaka 1999 inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Kusajili kazi kunakupa ushahidi siku mtu akikuibia. Muulize pia kuhusu mikopo ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, lakini usikope kwa ajili ya video ya kwanza. Ukiwa mtumishi wa umma, mwambie mkuu wako wa kazi kabla hajaisikia redioni, hasa kama vesi inagusa korosho au gesi.

Pa kusimama

Usisubiri jukwaa la hip hop, huku kwetu halipo kila wiki. Kijiwe cha kahawa ndicho jaribio la kwanza: ghani beti mbili, bila kutangaza kwamba ni sanaa. Wazee wakiacha bao kusikiliza, unayo. Mahafali ya kidato cha nne huangukia Septemba na Oktoba, na walimu wakuu wamechoka na nyimbo zile zile. Nane Nane ya Kanda ya Kusini iko Ngongo, Lindi, na mabanda hutafuta watu wa kuwavuta wapita njia. Kuna pia matamasha ya ngoma za asili kama MaKuYa, jina lililounganishwa kutoka Makonde, Makua na Yao. Redio za hapa, kama Safari FM na Jamii FM ya Naliendele, huhitaji sauti za nyumbani; peleka wimbo mkononi, na uwe tayari kuzungumzia mada iliyomo, si maisha yako tu. Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo yakiingia, harusi na shughuli zinaongezeka kuanzia Newala hadi Ruangwa, na hapo ndipo pesa ilipo.

Toa wimbo mmoja, kisha subiri. Uweke Boomplay, Audiomack na YouTube, lakini pia uusambaze kwa WhatsApp kama faili, kwa sababu rika lako ndiko linakosikiliza. Usitangaze "nimerudi." Anayekukumbuka ataona mwenyewe, na asiyekukumbuka hajui ulikuwa umeondoka.

Siku ya shoo, beba biti kwenye flashi mbili, WAV na MP3, isiyo na sauti yako ndani. Kuchana juu ya wimbo ambao tayari una sauti yako ni ruhusa ya kijana anayerukaruka; wewe umesimama, watu wanaona mdomo. Fika mapema, jaribu maiki, muombe DJ apunguze besi kidogo ili maneno yatoke. Mwandikie mshereheshaji utambulisho wa sentensi mbili, la sivyo atakuita "mkongwe" na kuanza kuhesabu miaka yako hadharani. Bei ielewane kabla. Chukua nusu ya malipo wiki moja kabla ya shoo na nusu ya pili kabla hujapanda, maana ukishashuka jukwaani mwenye shughuli huwa yuko jikoni, na jikoni wanasema ametoka sasa hivi.